Si Shetani Aliyemfundisha Gitaa

Kila mtu akianza ile hadithi ya mpiga gitaa aliyekwenda makaburini akakutana na shetani, damu hunichemka. Nimeisikia kwa Wazungu waliosoma wakamaliza vitabu, nimeisikia kwa Wakenya wenzangu waliookoka, na mara moja, Mungu anisamehe, nimeisimulia mimi mwenyewe. Hiyo mara moja ndiyo inayonikera kuliko zote, na ndiyo imenifanya niandike.

Nafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba moja ya wazee huku Saint Paul, Marekani. Nakaa mji wa jirani, Columbia Heights, kwa hiyo asubuhi napanda basi mbili, na majira ya baridi nafika kazini nikiwa nimekwisha kuchoka. Kazi yangu ni kuamsha watu, kuwaosha, kuwavisha, kuwalisha wasioweza kujilisha, na kuwasikiliza. Hilo la mwisho halimo kwenye mkataba.

Mzee wangu alikuwa Mmarekani mweusi aliyekaribia miaka tisini. Nasema wangu kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nikipangiwa chumba chake kila zamu. Nilimwita "mzee" kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake, akasema hilo neno ni zuri kuliko "bwana" na asiitwe lingine. Alizaliwa Mississippi, akaja kaskazini akiwa kijana, akakata nyama kiwandani kule South Saint Paul mpaka mgongo ukakataa. Mke wake alishatangulia. Binti yake mmoja alikuwa Chicago. Kando ya dirisha la chumba chake lilisimama gitaa kuukuu lenye ufa upande wa mbele, na ukutani palikuwa na picha moja tu: mjomba wake, kaka wa mama yake, amekaa kwenye kiti cha mbao, kofia imeinamia jicho, gitaa mapajani.

Huyo mjomba ndiye aliyekuwa maarufu. Hakujaza viwanja. Umaarufu wake ni ule wa watu wanaokusanya santuri za zamani na kuzishika kingo kwa ncha za vidole. Alikuwa miongoni mwa wale wa mwanzo kabisa kupiga bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kusini, mtu mmoja na gitaa lake, kabla ya spika na kelele nyingine zote. Alirekodi nyimbo chache, kisha akarudi kuchuma pamba ya watu, akafa maskini, akazikwa pasipo jiwe. Watu walianza kumtafuta alipokuwa amekwisha kuoza.

Na hadithi waliyompachika ni hii. Kwamba alikuwa kijana asiyejua kugusa hata uzi mmoja, watu wakimfukuza kwenye dansi. Kwamba akapotea msimu mzima. Kwamba alikwenda makaburini, akaketi juu ya kaburi, akaja mtu mrefu asiyeonekana uso, akalichukua gitaa lake, akalikaza nyuzi upya, akamrudishia. Tangu hapo akawa anapiga kama watu wawili. Malipo yalikuwa roho yake, na ushahidi wanasema ni mkono wa kulia: vidole vitatu vilijikunja kiganjani na havikukunjuka tena maisha yake yote, kwa sababu shetani alivishika.

Niliisikia kwa mara ya kwanza Februari, mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya watu weusi. Mama anayesimamia burudani pale kazini alimwalika bwana mmoja mwenye ndevu, mpenzi wa santuri, aje awazungumzie wazee. Akaja na mashine yake ya kupigia santuri. Mzee wangu nilimvalisha tai, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mstari wa mbele. Yule bwana alipofika kwenye makaburi akashusha sauti, mikono ikawa inacheza hewani, na wazee waliokuwa wakisinzia wakaamka. Mwisho akamgeukia mzee wangu.

"Wewe ni damu yake," akasema. "Ni kweli?"

Mzee akatabasamu. "Ndivyo wanavyosema," akajibu.

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma nagawa juisi, na sikufikiri lolote. Nilifurahi tu kwamba mzee wangu amepigiwa makofi.

Kesho yake nikawa namkata kucha. Sasa lazima niseme jambo la aibu. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia navyo vilikuwa vimejikunja kiganjani siku zote, na mimi, kwa ujuzi wangu wa darasani, nilijua ni kukakamaa kwa misuli. Tumefundishwa kwamba mkono wa namna hiyo unatiwa kitambaa kilichoviringishwa ili kucha zisikate ngozi. Basi kila asubuhi, miaka miwili, nilikuwa naviringisha kitambaa na kukitia mkononi mwake, na yeye ananiacha.

"Kumbe na wewe shetani amekushika, mzee," nikamtania.

Hakucheka. Alikitoa kile kitambaa, akakiweka juu ya blanketi. Kisha akavikunjua vile vidole, kimoja, kingine, na cha tatu, vikanyooka vyote mbele ya macho yangu. Vifundo vilikuwa vimevimba na ilimuuma, lakini vilinyooka.

"Havina ugonjwa," akasema. "Vinapumzika. Hivi ndivyo tunavyopiga kwetu."

Ndipo aliponieleza, na mimi nikiwa bado nimeshika mkasi wa kucha.

Mjomba wake hakufundishwa na shetani. Alifundishwa na dada mkubwa wa mama yake, ambaye kwetu angemwita mama mkubwa. Yule mama alikuwa dobi. Alifua nguo za Wazungu wa mji mzima, nyuma ya nyumba yake, kwenye pipa la chuma lenye maji yanayochemka na magadi makali. Siku moja pipa liliyumba, magadi yakamwagikia mkono wake wa kulia, na vidole vitatu vikapona vikiwa vimegandamana kiganjani. Alibaki na dole gumba na kidole cha shahada. Kwa hivyo viwili aliendelea kufua, na Jumamosi jioni, nguo zikiwa zimeanikwa, kwa hivyo viwili alipiga gitaa.

Mjomba alikuwa mtoto mdogo anayekaa miguuni pake. Hakuwahi kumwona mtu mwingine akipiga. Akadhani gitaa linapigwa hivyo. Akakunja vidole vyake vitatu vizima, akavifunga kwa kitambaa ili visije vikaingilia, akapiga kwa viwili kama mama mkubwa wake. Alipokuja kugundua kwamba watu wengine hutumia vidole vyote, alikuwa amekwisha kuwashinda wote. Akaviacha vilivyo. Ule msimu aliopotea, ambao watu wa santuri wanasema alikuwa makaburini, alikuwa kwa mama mkubwa. Yule mama alikuwa anaumwa, na mjomba alimfulia nguo za watu mchana, na jioni wakapiga gitaa, siku baada ya siku, miezi. Ndiyo siri yote. Alifanya mazoezi, na mwalimu wake alikuwa mwanamke mwenye mkono ulioungua.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia yule bwana wa ndevu.

"Nimewaambia," akasema. "Wamekuja wanne kwa miaka yote hii. Wote nimewaambia. Wanatikisa kichwa, halafu wananiuliza kaburi lilikuwa upande gani wa barabara."

Pale nilishikwa na hasira ambayo haijanitoka hadi leo. Fikiria. Mwanamke anachemsha uchafu wa watu mpaka mkono unamwungua, kisha kutokana na ule mkono anaunda namna ya kupiga gitaa ambayo haikuwapo duniani, kisha anamfundisha mtoto. Na watu wanaona ni rahisi zaidi kuamini kwamba alikuja shetani! Mtu mweusi akifanya jambo gumu, likawa zuri, lazima atafutiwe wa kumsaidia. Na asipopatikana mwingine, watampa shetani kuliko kumpa dobi.

Siku ile baada ya chai alinipigia. Nyuzi alizifungua zikalingana kwa namna yake, hata ukizipiga bila kushika popote zinaimba pamoja. Dole gumba likaenda juu ya nyuzi nene, juu chini, juu chini, bila kuchoka, na nikajua mara moja ni mkono wa mtu anayesugua nguo kwenye ubao. Kidole cha shahada kikawa kinaongea juu yake, kwenye nyuzi nyembamba, mara kinaulizia, mara kinajibu. Penye kutelezesha sauti juu ya nyuzi, mjomba alitumia kisu cha mezani, lakini visu tumewanyang'anya wazee, kwa hiyo yeye alitumia mgongo wa kijiko cha supu. Muziki ulisikika kama wa watu wawili, hapo watu wa santuri hawakudanganya.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao mjomba hakuurekodi kamwe. Ulikuwa wa mama mkubwa mwenyewe, wa kukamulia nguo. Wenye kampuni ya santuri walimtaka aupige, akakataa, akasema si wake. Aliurithisha kwa mpwa wake tu, na huyo mpwa ndiye huyu aliyekuwa mbele yangu na soksi zangu za kazini za akiba miguuni. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nao. Mikono yake ilikuwa inakwisha, yeye alijua na mimi niliona, kila mwezi alipunguza kitu. Kwa hiyo alikuwa amepatana na binti yake: Jumapili moja mwezi wa Machi angekuja kutoka Chicago na mashine nzuri ya kurekodi, na baba angeupiga ule wimbo mzima, na angesema kwa mdomo wake ni wa nani. Kwa ajili ya siku hiyo alifanya mazoezi kila asubuhi, dawa ya maumivu ikishashika, dakika ishirini. Alisema akiacha siku mbili vidole vinafunga.

Utaniuliza mbona sikumrekodi kwa simu yangu. Pale kazini ni marufuku kumpiga mkaazi picha wala kumrekodi sauti, na nimeona mtu akifukuzwa kwa hilo mchana kweupe. Niliogopa. Basi.

Jumamosi ya juma lililotangulia tulikuwa na ushirika wa nyumbani kwa ndugu mmoja kule Woodbury. Sisi Wakenya wa kanisa letu hukutana hivyo mara mbili kwa mwezi: tunaimba, tunasoma neno, kila mtu anataja haja zake za maombi, kisha tunakula chapati. Ilipofika zamu yangu nikasema naomba tumwombee mzee wangu wa kazini, mikono yake ipate nguvu, ana jambo kubwa Jumapili ijayo. Ningekomea hapo. Lakini dada mmoja akauliza, "Kwani yeye ni nani?" na mimi nikaanza kusimulia.

Nilianza na makaburi kwa sababu ndivyo nilivyoisikia mimi, na kwa sababu, niseme ukweli, ilikuwa tamu mdomoni. Nikashusha sauti kama yule wa ndevu. Mikono yangu nayo ikaanza kucheza hewani. Nilikusudia kabisa kuwatisha kwanza, halafu niwageuzie, niseme, "Sasa sikieni ukweli," niwaletee dobi. Lakini nilipofika kwenye vidole vitatu, mama mmoja akapaza sauti, "Shindwa!" na wote wakasimama. Wakaanza kukemea. Dakika kumi nzima watu wanakemea shetani wa Mississippi katikati ya Woodbury. Tulipoketi jasho linatutoka, chapati zilikuwa mezani, na watu walikuwa wakinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata. Nikanyamaza. Nikachukua sahani.

Mama Shemasi alinifuata jikoni. Huyu ni muuguzi, tunafanya kazi nyumba ile ile, yeye ndiye mwenye kugawa dawa. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii, na koti langu la kwanza la baridi lilitoka mgongoni mwake.

"Na hiyo gitaa bado anayo?" akaniuliza.

"Anayo. Iko tu hapo kwa room, kando ya dirisha."

"Haya," akasema, akaendelea kuosha vikombe.

Alhamisi, mzee alikuwa amepelekwa kwenye mazoezi ya miguu. Niliporudi naye chumbani, kiti kilisimama ghafla mlangoni kwa sababu alishika magurudumu. Gitaa lilikuwa pale pale. Nyuzi zote sita zilikuwa zimekatwa, zimejikunja huku na huku. Mbao zilikuwa zinang'aa mafuta, na mafuta yalikuwa yameingia kwenye ule ufa wa mbele na kutiririka mpaka sakafuni. Harufu ilikuwa ya mzeituni. Mkenya yeyote wa kanisa angeitambua, ni mafuta ya upako.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Nani angefanya hivi?" Na akaniuliza mimi, kama mtu anayejua nitasema sijui.

Nilimwacha kwa mwenzangu, nikamkuta Mama Shemasi kwenye chumba cha mapumziko.

"Umefanya nini?" nikamwambia. "Umefanya nini, Mama Shemasi?"

"Dada, tulia. Si ni wewe ulileta prayer request?"

"Nilileta prayer request ya mikono! Sikusema uende u-cut strings za mtu!"

"Roho alinisukuma. Nilikuwa na-pass meds, nikafika kwa hiyo door, nikasikia baridi, baridi si ya kawaida."

"Ni window! Hiyo dirisha haifungi tangu December, na maintenance wamekataa kuja!"

"Wewe mwenyewe ulisema iligusiwa makaburini."

"Hata si hiyo gitaa! Hii alinunua yeye mwenyewe hapa Saint Paul, akifanya kazi ya nyama!"

Hapo akasita kidogo. Kisha akanishika bega, akaniambia kwa upole kabisa kwamba pepo hufuata ukoo. Aliniudhi kwa ule upole. Angenitukana ningejua la kufanya. Na sikuandika ripoti. Ningeiandika angepoteza leseni, na watoto wake watatu nimewabeba mgongoni. Hilo nalo liwekwe hapa, nisije nikajifanya malaika.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia mzee, "Ni sisi. Ni watu wa kanisa langu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ile hadithi ya makaburi."

"Waliipata wapi?"

"Kwangu."

Alinitazama. Sikuona hasira machoni pake, na nilikuwa naitamani.

"Na habari za dobi?" akauliza. "Uliwaambia?"

"Sikufika hapo, mzee."

Akageuza kiti taratibu kuelekea dirishani. "Hakuna anayefika hapo," akasema.

Jioni ile nililibeba gitaa hadi duka la vyombo vya muziki. Fundi alilinusa, akanitazama usoni, akasema mafuta lazima yakauke kabla ya kugundishwa ufa, na hilo ni jambo la majuma. Ijumaa mzee hakufanya mazoezi. Jumamosi hakufanya. Nilimpa mpira wa kuminya, akauweka kando. Jumapili baada ya ibada nikamwomba kiongozi wa sifa gitaa la kanisa. Akaniuliza ni la kwenda wapi, nikasema ni la mgonjwa, akanipa akanibariki.

Nilipofika chumbani kwa mzee, binti yake alikuwa ameshafika. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mpole, mwenye sauti ya baba yake. Alikuwa ameweka mashine mezani na maikrofoni mbili. Mzee alilichukua gitaa la kanisa, akalipima mkononi. Lilikuwa jipya, pana, na nyuzi zake ngumu. Akazifungua zikalingana kwa namna yake, jambo lililomchukua karibu robo saa. Akakunja vidole vitatu. Akaanza.

Dole gumba lilikwenda. Lilisugua nguo vile vile, juu chini, na binti akafumba macho. Lakini kidole cha shahada kilikuwa kimefunga. Alipofika pale wimbo unapogeuka, kidole hakikufika kwenye uzi. Akaanza upya. Kikashindwa pale pale. Mara ya tatu akauma mdomo, na mimi nikawa nauma wangu. Mara ya nne akaziwekea nyuzi kiganja, zikanyamaza.

"Njoo tena baada ya majuma mawili," akamwambia binti yake. "Gitaa langu litakuwa limepona."

Binti akazima mashine. Jumanne kifua kikambana, gari la wagonjwa likamchukua, na Ijumaa akafariki hospitalini. Alizikwa Chicago, karibu na mke wake.

Ushirika uliofuata sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu walikuwa wamenipangia kuleta maziwa ya chai. Wakati wa shuhuda Mama Shemasi akasimama. "Bwana asifiwe," akasema, nao wakaitikia, na akaanza kueleza jinsi Mungu alivyomtumia kumfungua mzee mmoja aliyekuwa amefungwa na kamba za ukoo, na jinsi yule mzee alivyokwenda kwa amani pasipo sanamu yake kando. Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema, "Na ni dada yetu hapa alileta hiyo haja!" wakanigeukia wakitabasamu.

Nilisimama. Sikusema Bwana asifiwe.

"Hakwenda kwa amani," nikasema. "Nilikuwepo."

Kisha nikawaambia yote niliyopaswa kuwaambia mara ya kwanza. Niliwaambia pipa la chuma na magadi. Niliwaambia mkono ulioungua, na mtoto aliyefunga vidole vyake vizima ili afanane na aliyempenda. Niliwaambia hakuna shetani aliyefika pale, kulikuwa na mwanamke aliyefua nguo, na kwamba wimbo wake ulikuwa umebaki katika mikono miwili tu duniani, na mikono hiyo tumeifunga sisi, mafuta yetu na mdomo wangu. Nilikuwa nawanyooshea kidole, watu walionizidi umri, na sikujali. Mama Shemasi alikuwa ameinama anatazama zulia.

Halafu kwenye kona akaongea mama mmoja mtu mzima, mama wa mwenye nyumba, aliyekuja kutoka Nyeri kumlea mjukuu. Mara nyingi huwa hasemi kitu. Nilishasikia kwamba aliwasomesha watoto wake kwa kufulia watu nguo.

"Mwanangu," akaniambia, "huyo mama aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa bado nimenyoosha kidole. Nikatafuta, nikarudi kwenye kile chumba, kwenye mkasi wa kucha, kwenye asubuhi zote zile za mazoezi, na sikukuta kitu. Kwa hasira yangu yote kwa niaba yake, sikuwahi kuuliza.

Nilitoka nje na koti mkononi, nikasimama kwenye theluji iliyokuwa ikiyeyuka, nikampigia binti yake Chicago. Nilimwambia nahitaji kitu kimoja tu, jina la yule dobi.

"Baba alikuwa anamwita Auntie tu," akasema. "Nilidhani wewe alikuambia."